DAMU YA MTOTO HUTOA ONYO MAPEMA
Mambo ya kujua kuhusu ugonjwa wa selimundu

Je, katika kijiji chenu yuko mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mikono na miguu? Je, macho yake yana rangi ya manjano? Je, mara kwa mara anaishiwa damu, hata baada ya kutibiwa malaria? Kama yuko, soma makala haya mpaka mwisho. Kisha msomee jirani yako asiyejua kusoma.

Huenda mtoto huyo ana ugonjwa wa selimundu. Watu wengine huuita sikoseli. Inakadiriwa kwamba watoto kama 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka. Unaonekana sana katika mikoa ya pwani na ile ya kando ya Ziwa Viktoria. Kwa hiyo sisi wa Rufiji na Kibiti unatuhusu.

Zamani watoto wengi wa namna hii walikufa kabla ya kwenda shule, na wazazi hawakujua wamekufa kwa nini. Siku hizi mambo ni tofauti. Damu ya mtoto ikipimwa, inaweza kutuambia kama ana ugonjwa huu. Tena inaweza kutuonya kwamba mtoto huyu yumo katika hatari kubwa kuliko yule. Leo tutaeleza onyo hilo.

SELIMUNDU NI NINI?

Damu ni nyekundu kwa sababu ina chembe nyekundu nyingi sana. Chembe hizo ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima.

Chembe nzima ni ya mviringo, kama kitumbua kilichobonyezwa katikati. Ni laini. Ikifika mahali pembamba hujipinda ikapita. Lakini chembe ya mgonjwa wa selimundu hugeuka umbo. Hujikunja na kuwa ngumu, mfano wa mundu wa kukatia mpunga. Ndiyo sababu ya jina hilo.

Wewe unayekaa delta unavijua vijito vya mikokoni. Mtumbwi hupita bila taabu. Lakini magogo yakikingama, mtumbwi wa mbele hukwama na wa nyuma hauna njia. Ndivyo chembe hizi zinavyofanya katika mishipa midogo ya damu. Zinakingama. Sehemu iliyo mbele haipati hewa safi. Hapo mtoto hupata maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Zikikingama kichwani, hupata kiharusi.

Tena, chembe hizi hazidumu. Chembe nzima huishi kama siku 120. Chembe ya mundu huishi siku 10 mpaka 20 tu. Mwili hutengeneza nyingine, lakini hauwahi. Kwa hiyo mtoto hupungukiwa damu wakati wote. Na chembe zinapovunjika hutoa uchafu wa manjano uitwao bilirubini. Huo ndio unaofanya macho yawe ya manjano.

Mtoto mchanga haonyeshi dalili. Anapozaliwa bado ana damu ya tumboni mwa mama, ambayo haijikunji. Damu hiyo hupungua pole pole. Akipata kama miezi 6, dalili huanza. Mara nyingi ya kwanza ni kuvimba viganja na nyayo, huku akilia kwa maumivu.

SI MKOSI, WALA SI KOSA LA MAMA

Wako watu wanaosema mtoto huyu amelogwa. Wengine husema mama ana mkosi. Zipo ndoa zilizovunjika kwa maneno hayo. Ndugu msomaji, maneno hayo si kweli. Selimundu ni ugonjwa wa kurithi, na hurithiwa kwa baba na mama wote wawili.

Chukua mfano wa mbegu za mpunga. Kila mzazi ana mbegu mbili za damu mkononi. Baba ana mbegu moja nzima na moja yenye kasoro. Mama naye vivyo hivyo. Wote wawili wana afya nzuri, kwa sababu mbegu moja nzima inatosha. Mimba inapotungwa, kila mmoja hutoa mbegu moja bila kuchagua.

Yanaweza kutokea mambo manne:
1. Baba atoe nzima, mama atoe nzima. Mtoto ni mzima.
2. Baba atoe nzima, mama atoe yenye kasoro. Mtoto ana afya, lakini amebeba mbegu.
3. Baba atoe yenye kasoro, mama atoe nzima. Mtoto ana afya, lakini amebeba mbegu.
4. Wote watoe yenye kasoro. Mtoto ana selimundu.

Basi katika kila mimba iko nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Usidhani kwamba ukishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Hapana. Kila mimba huanza hesabu yake upya.

Sasa fikiri. Baba akimwacha mama kwa sababu hii, amekwepa nini? Mbegu yake bado anayo. Akioa mke mwingine aliyebeba mbegu, mambo yatakuwa yale yale.

KWA NINI PWANI?

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, aliandika habari za chembe zenye umbo la mundu. Aliziona katika damu ya kijana mmoja mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Lakini wataalamu walijiuliza: kwa nini mbegu hii imeenea sana mahali pengine, na pengine haipo kabisa?

Jibu lilipatikana huku kwetu Afrika Mashariki. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya na Uganda. Mwaka 1954 alieleza kwamba mtu aliyebeba mbegu moja tu ya selimundu hupata kinga fulani ya malaria kali. Kwa hiyo mahali penye malaria nyingi kwa miaka mingi, watu wenye mbegu moja waliishi na kuzaa zaidi. Delta ya Rufiji ni nchi ya maji, na penye maji pana mbu.

Hapa uwe mwangalifu. Anayepata kinga ni yule mwenye mbegu moja. Mtoto mwenye mbegu mbili, yaani mgonjwa, malaria humdhuru vibaya sana. Humaliza haraka ile damu kidogo aliyo nayo. Mtoto huyu asilale hata usiku mmoja bila chandarua chenye dawa, hata wakati wa dungu shambani.

DAMU INASEMA NINI?

Kipimo cha kwanza ni cha kujua kama ugonjwa upo. Kinahitaji damu kidogo tu. Siku hizi viko pia vipimo vya haraka vinavyotumia tone la damu ya kidoleni au kisiginoni. Ukishajua kwamba mtoto anao, vipimo vingine hueleza hali yake. Tutataja vinne.

Kwanza, wingi wa damu. Mganga hukuambia, "Damu yake ni 7," au "ni 9". Namba hiyo ni kipimo cha hemoglobini, yaani ule wekundu unaobeba hewa. Mtoto mzima mara nyingi huwa na 11 au zaidi. Mtoto wa selimundu kwa kawaida huwa kati ya 6 na 9, na huweza kucheza na kusoma akiwa na namba hiyo. Ikishuka chini ya 5, hatari ni kubwa.

Pili, bilirubini, ule uchafu wa manjano. Ikiwa nyingi mno, maana yake chembe zinavunjika kwa kasi.

Tatu, damu ya utotoni. Tulisema kwamba mtoto huzaliwa na damu isiyojikunja. Wataalamu huiita hemoglobini F. Watoto wengine hubaki nayo kiasi kikubwa hata wakikua. Hao kwa kawaida huugua kidogo kuliko wenzao.

Nne, chembe nyeupe. Hizi ni askari wa mwili. Zikiwa nyingi sana wakati mtoto hana homa wala kidonda, huweza kuwa dalili kwamba ugonjwa ni mkali.

WALIYOYAONA MUHIMBILI

Tangu mwaka 2004 wataalamu wa Muhimbili, Dar es Salaam, wakiongozwa na Daktari Julie Makani, ambaye sasa ni profesa, waliwafuatilia wagonjwa wa selimundu mwaka hadi mwaka. Mpaka mwaka 2009 walikuwa wameandikisha wagonjwa 1,725. Mwaka 2011 walitoa taarifa yao. Wagonjwa 86 walikuwa wamefariki.

Waliona mambo mawili makubwa. La kwanza, vifo vilikuwa vingi zaidi kwa watoto wa chini ya miaka 5. Katika umri huo, kwa kila watoto 100, kama 7 walikufa kwa mwaka mmoja.

La pili, walitazama vipimo vya damu vya siku ya kwanza ya kuandikishwa. Wale waliokuja na damu chini ya 5 walikuwa na hatari ya kufa karibu mara 4 kuliko wenzao. Wale wenye bilirubini ya 102 au zaidi nao walikuwa na hatari zaidi.

Unaona? Damu ilikuwa imekwisha sema tangu siku ya kwanza. Mganga akijua hivyo, hatamwambia mzazi wa mtoto huyo arudi baada ya miezi sita. Atamwambia arudi mapema, na atamtazama kwa makini zaidi.

KIPIMO SI RAMLI

Usije ukadhani kwamba kipimo cha damu kinakata hukumu. Huko Marekani, mwaka 2000, wataalamu walitaja alama tatu za utotoni zinazoonyesha kwamba mtoto ataugua sana: kuvimba viganja na nyayo kabla ya mwaka mmoja, damu chini ya 7 katika mwaka wa pili, na chembe nyeupe nyingi. Baadaye wengine wakazijaribu alama hizo kwa watoto wengine. Hazikutabiri vizuri kama ilivyotazamiwa. Wako watoto wenye alama mbaya waliokua vizuri. Wako wenye alama nzuri waliougua sana.

Kwa hiyo mzazi asikate tamaa kwa sababu ya namba. Wala asijisahau kwa sababu ya namba. Nahodha akiona wingu jeusi hasemi, "Chombo kimezama." Hupunguza tanga, akakaa tayari.

WEKA DAFTARI

Sasa tufike kwenye kazi yako, wewe unayejua kusoma na kuandika. Nunua daftari la shule. Andika jina la mtoto juu yake. Kila akipimwa damu, mwulize mganga namba, kisha iandike na tarehe yake. Hiyo ni haki yako.

Tazama mfano huu:

Tarehe 4 Machi. Damu 7.5. Hana homa.
Tarehe 10 Juni. Damu 7.8. Hana homa.
Tarehe 2 Septemba. Damu 5.4. Amechoka, tumbo limejaa upande wa kushoto.

Mganga mgeni akiona 5.4 peke yake, anaweza kusema watoto wa selimundu ndivyo walivyo. Lakini akiona daftari, ataona kwamba damu imeshuka zaidi ya 2 kutoka namba ya kawaida ya mtoto huyu. Hiyo ni hatari. Pengine bandama imevuta damu nyingi na kuifungia ndani. Mtoto anaweza kufa kwa muda wa saa chache asipoongezewa damu. Basi jambo kubwa ni kuijua namba ya kawaida ya mtoto wako wakati hana homa wala maumivu.

Jifunze pia kupapasa bandama. Mwombe mwuguzi akuonyeshe. Iko chini ya mbavu za kushoto. Ukiona imekuwa kubwa kuliko jana, usingoje kesho.

USINGOJE MAJI YAJAE

Peleka mtoto hospitali mara moja ukiona mojawapo ya mambo haya:
– Homa kali, yaani joto la 38.5 au zaidi.
– Kupauka ghafla viganja, midomo na ulimi.
– Tumbo kuvimba upande wa kushoto.
– Kupumua kwa shida au maumivu ya kifua.
– Mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, kushindwa kusema, au degedege.
– Maumivu yasiyopungua baada ya dawa na maji.
– Kwa mtoto wa kiume, uume kusimama kwa maumivu kwa muda mrefu.

Watu wa Msala, Kiongoroni, Maparoni na Mbuchi wanajua taabu ya safari. Maji yakipwa, chombo hukaa juu ya tope. Kutoka delta mpaka Nyamisati ni safari ya maji, kisha kuna barabara ya kwenda Kibiti. Kwa hiyo panga mapema, wakati mtoto ni mzima. Nani ana mashua yenye mashine? Nani atakaa na watoto wengine? Fedha ya nauli iko wapi? Ndugu gani wanaweza kutoa damu? Yazungumzeni leo. Ukiona dalili asubuhi na maji yamejaa, ondoka na maji hayo. Usiseme, "Tutazame mpaka jioni."

MATUNZO YA KILA SIKU

Mtoto anywe maji safi mengi, hasa wakati wa joto. Akikaukiwa maji, chembe hujikunja zaidi. Asikae kwenye baridi na mvua, wala asioge muda mrefu katika maji ya baridi. Apate chanjo zote. Chanjo ya kukinga nimonia, inayotolewa nchini tangu mwaka 2013, inamfaa sana.

Mtoto wa chini ya miaka 5 hupewa dawa ya penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku, kila siku, hata kama haumwi. Dawa hiyo humkinga na vijidudu vinavyoingia katika damu. Hupewa pia vidonge vya foliki, ambavyo husaidia kutengeneza chembe mpya. Lakini usimpe vidonge vya madini ya chuma kwa sababu tu umeona amepauka. Mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi huwa na chuma kingi tayari mwilini. Mganga apime kwanza.

Usimchanje chale mahali panapouma. Chale hazitoi maumivu, na huingiza vijidudu.

Iko pia dawa iitwayo haidroksiurea. Kazi yake ni kurudisha ile damu ya utotoni isiyojikunja. Dawa hii ilijaribiwa kwa watoto kama 600 wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya. Huko Kenya ilikuwa Kilifi, pwani kama kwetu. Taarifa iliyochapwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba maumivu yalipungua, malaria ilipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, na vifo vilipungua. Lakini dawa hii huweza kupunguza chembe nyeupe kupita kiasi. Kwa hiyo anayeinywa lazima apimwe damu mara kwa mara. Usiazime dawa ya mtoto wa jirani. Mwulize mganga wa hospitali.

Watoto wachache wameponywa kabisa kwa kupandikizwa uloto wa ndugu yao. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kazi hiyo. Ni matibabu makubwa, na si kila mtoto anafaa.

SI KILA MAUMIVU NI SELIMUNDU

Yako magonjwa mengine yanayofanya viungo vya mtoto viume na kuvimba. Mmoja ni lupasi. Si wa kawaida kama selimundu, lakini upo. Katika lupasi, askari wa mwili hukosea wakaupiga mwili wenyewe. Huwapata zaidi wasichana wakubwa kuliko watoto wadogo. Msichana huchoka, hupata homa isiyoisha, na vipele vyekundu mashavuni mfano wa kipepeo aliyekunjua mabawa. Ugonjwa huu huweza kuharibu mafigo.

Huko nako damu hutoa onyo. Madaktari hupima aina fulani za kinga ya mwili zilizomo damuni, zinazoitwa C3 na C4. Zikishuka, ugonjwa huenda umeanza kuwaka upya. Mkojo nao hupimwa, kwa sababu mafigo yakidhurika hutoa utomvu wa damu ndani ya mkojo. Mtoto mwenye dalili hizi apelekwe hospitali kubwa, hata kama amepimwa akaonekana hana selimundu wala malaria.

KUMBUKA

Mtoto wa selimundu anaweza kukua, kusoma, kulima na kuoa. Wako watu wazima wengi wenye ugonjwa huu wanaofanya kazi zao. Anachohitaji ni kujulikana mapema na kufuatiliwa. Kama umezaa mtoto mmoja mwenye selimundu, wapeleke ndugu zake wakapimwe, hata wakiwa wachangamfu. Vijana wanaotaka kuoana nao wanaweza kupimwa, ili wajue mbegu walizobeba. Ulizeni katika zahanati yenu mahali pa kupima, au katika hospitali za Utete na Mchukwi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini si haki kumlaumu mama peke yake?
2. Mtoto ana damu 8 siku zote. Leo ana 5.5. Mganga anasema si chini ya 5. Utamwonyesha nini, na utamwambia nini?
3. Katika kijiji chenu, mtoto akizidiwa usiku maji yakiwa yamekupwa, mtafanya nini?
4. Nani miongoni mwenu ataanza daftari wiki hii?